Nani Atanitilia Chumvi

Mimi mkate naupaka siagi ya kopo, ile ya njano, na naipaka nyingi mpaka kisu kinaacha matuta. Naanza na hilo ili tujuane. Sipendi jemu, sipendi asali kwenye mkate, na mtu akinipakia siagi kiduchu kama anapaka dawa ya kidonda nakasirika kweli. Viazi vitamu nakula vikavu. Muhogo wa kuchemsha nataka ufuta uliokaangwa ukatwangwa na pilipili, nichovye humo. Ugali nataka mboga ya nazi, na ndimu pembeni. Mtu anayeishi peke yake anapata muda mwingi wa kujua anachokipenda, kwa sababu hakuna wa kumbishia.

Nashona nguo hapa Nachingwea, sare za shule zaidi, kwenye baraza la nyumba ya vyumba viwili niliyobaki nayo baada ya talaka. Aliyekuwa mume wangu yuko zake salama, sina neno naye. Binti yangu yuko Dar es Salaam, ana kazi, ananipigia simu, na akija likizo anakuja na chupa za tomato na mayonezi kana kwamba huku hatuna maduka. Anamwagia tomato kila kitu, hata ugali. Nikimwangalia hivi, anasema, "Mama, kula na wewe, usinikodolee macho." Akiondoka zile chupa zinabaki kabatini zimefika nusu, na mimi nabaki na cherehani.

Lakini haya si ya tomato. Ni ya chumvi, na ya mama mmoja aliyekuwa jirani yangu.

Nilizaliwa Matambarale, kwenye nyumba iliyoshika mila. Kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake anapika kama kawaida. Anachambua mboga, anakuna nazi, anakoroga, anaepua. Chumvi tu ndiyo haigusi. Chumvi inatiwa na mwingine: mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au mama mtu mzima aliyekwisha koma hedhi. Wazee walisema akiitia mwenyewe, watakaokula watashikwa na kikohozi cha kifua kisichosikia dawa. Sisemi nyumba zote zilikuwa hivyo, wapo waliotucheka. Ila mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa naitwa jikoni mara kwa mara, kwa mama leo, kwa shangazi kesho, nawekewa chumvi kiganjani, naambiwa haya tia. Nilijiona mtu mkubwa sana. Sikujua kwa nini ninaitwa, nilijua tu kwamba bila mimi hawali.

Ukiniuliza leo kama naamini habari ya kikohozi, nitakwambia siamini. Ila ungenipa chumvi nikiwa kwenye siku zangu, mkono usingekwenda. Sasa hapo utajua mwenyewe uniweke fungu gani.

Binti yangu alipokuwa mdogo alinitilia yeye. Akavunja ungo, akaenda sekondari ya bweni, akaenda chuo, ikawa hakuna mtu. Ndipo nikaanza kumwita jirani, mama mjane wa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa michongoma. Yeye ni Mkatoliki wa parokiani, mimi Mwislamu, lakini kwao nako mila ya chumvi ilikuwa ile ile, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Siku ya kwanza nilisimama uani nimeona haya kusema, nikaishia kumwambia, mama, mboga yangu bado baridi. Moshi wa jikoni kwangu ulikuwa unaonekana mpaka kwake. Akacheka, akafuta mikono, akaja.

Tangu siku hiyo hilo ndilo likawa neno letu. Mboga yangu bado baridi. Anakuja, anaacha kandambili mlangoni, anachukua chumvi kwa vidole, anatia, anakoroga, anadondoshea mchuzi kiganjani, analamba. Anafumba macho kidogo. Halafu anasema imekolea, na akishasema imekolea haondoki. Anavuta kigoda, tunakula pamoja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mtu akikutilia chumvi huwezi kumwambia haya, kwaheri.

Wakati wa ujana wake alikuwa mpishi wa masista misheni, na huko ndiko alikotoka na mambo yake ya ajabu. Mkate anaupaka siagi, juu ya siagi anatia pilipili kichaa aliyoiponda. Asubuhi asubuhi, na chai! Nilimwambia wewe mama utaunguza utumbo. Akasema utumbo wake haukuniomba wakili. Masista walikuwa wanapika jemu ya mabibo msimu wa korosho, na yeye akaendelea kuipika mwenyewe, nyekundu, inanata, halafu anaila na muhogo wa kuchemsha. Muhogo na jemu, jamani. Tulibishana juu ya muhogo ule kila mwaka mabibo yanapodondoka. Mimi na ufuta wangu, yeye na jemu yake, kila mmoja anamwona mwenzake hana akili. Nilifurahi sana miaka ile, na nilijua kwamba nimefurahi.

Halafu alikuwa hakimu wangu wa chumvi. Nilimuuliza mambo yote. Siagi ya kopo ina chumvi, je, naruhusiwa kuipaka mwenyewe siku zile? Akafikiri, akasema hiyo imetiwa kiwandani, wewe humo. Tomato ya chupa vilevile. Ng'onda, wale samaki wakavu, wamewekwa chumvi na wavuvi huko Lindi, wewe humo. Achari ya embe aliyoitengeneza yeye, ruksa. Achari niliyoitengeneza mimi kabla siku hazijaanza? Hapo akasema italala kwanza kesi hiyo. Binti yangu alitukuta siku moja tunajadili kama kachumbari ni chakula au ni majani tu, akacheka mpaka akatoka nje.

Ni huyo huyo binti aliyenichoma siku nyingine. Alikuja likizo, jirani alikuwa kasafiri, na mimi nimeacha mboga bila chumvi nakula hivyo hivyo. Akaniona natafuna kwa shida.

"Mama, si utie tu," akasema. "Unakula peke yako. Atakohoa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, kwa sababu alichosema ni kweli, na sikutaka anione uso. Hofu yangu haikuwa kikohozi hata kidogo. Nilichoogopa ni kwamba ipo siku nitasimama pale uani na hakutakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mboga yangu bado baridi.

Siku yenyewe ilikuja na gari. Jirani yangu alianguka jikoni kwake, wakamkuta na presha iko juu mno, na mwanawe anayefanya kazi Ruangwa akaja kumchukua. Mtoto mzuri, simlaumu. Alibeba godoro, sanduku, na kinu ambacho mama alikataa kukiacha. Mimi nilisaidia kufunga vyombo. Mama alinipa achari yote iliyokuwa kabatini, chupa nyingi, akaniambia nile taratibu. Tuliagana juu juu, kama watu watakaoonana jioni. Gari lilipoondoka nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati kwenye shingo, ikabidi nifumue.

Nilijikaza kisabuni. Siku zile zikija nakula mkate na siagi, ng'onda, mihogo na achari yake, vyote vile ambavyo chumvi yake haikutoka mkononi mwangu. Ukimya ulikuwa mbaya kuliko chakula. Nilijaribu kumwita mama wa nyumba ya kulia, mstaafu fulani, mtu wa heshima zake. Alikuja, akatia chumvi, akaniuliza kama hii mila bado ipo kweli, akasema ana maharage motoni, akaondoka. Sikumwita tena. Wasichana wapangaji waliohamia nyumba ya jirani yangu nao hata sikuwajaribu. Kwanza hao wanapikia jiko la gesi na simu sikioni, chumvi wanatia bila hata kuangalia sufuria. Siku nyingine niliwasikia wanacheka kupitia ua ule wa michongoma, nikasimama nikasikiliza kama mwizi. Kisha nikaingia ndani.

Achari ikaisha. Na baada ya hapo mwili wangu ukaanza vituko. Siku zikachelewa, zikaja, zikaruka, zikapotea. Joto linanipanda nikiwa nimekaa tu, jasho linadondokea kwenye kitambaa cha mteja. Nilikwenda zahanati, nesi akaniuliza umri, akatabasamu, akaniambia hongera, umepumzika. Hongera! Wanawake wenzangu sokoni walinipongeza hivyo hivyo, mmoja akasema sasa utaswali na kufunga bila kukatiza. Ni kweli, na nashukuru kwa hilo. Ila nilitembea kurudi nyumbani roho inaniuma, na sikujua nimwambie nani kinachoniuma, maana hata mimi nilikiona cha kipuuzi.

Jioni hiyo nilipika mbaazi za nazi. Zilipoiva nikachukua chumvi, nikatia. Hakuna tena kipingamizi, mwezi mzima ni wangu, mwaka mzima ni wangu. Nikakoroga, nikaonja. Ilikaa sawa kabisa. Ningependa sana iwe imezidi, au imepungua, nipate cha kulalamikia, lakini ilikaa sawa. Nikala vijiko vichache nikafunika.

Nilivumilia kwa muda. Halafu siku moja, sina hata sherehe ya kuendea wala msiba, niliamka mapema, nikapika mbaazi nyingine, nazi nzito, bila chumvi, nikazitia kwenye hotipoti, nikaifunga kanga, nikapanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa. Njiani nilipanga nitakachosema. Nitamwambia habari za Nachingwea, za parokia yake, za bei ya ufuta. Kwamba nimekoma sikupanga kumwambia. Nilifikiri, nikimwambia, atasema sasa ni zamu yako kuwatilia wengine, maana ndivyo mila ilivyo, aliyekoma ndiye mtiaji. Na mimi hakuna anayeniita.

Nyumba ya mwanawe ni nzuri, ina vigae na mapazia mazito. Mkwe wake alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji, akanieleza kwa upole kwamba mama amekatazwa chumvi na daktari, kwa hiyo anapikiwa sufuria lake peke yake. Nikamwambia amefanya vema. Nilimkuta mama chumbani, amekonda, kilemba kimekaa upande. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akasema, "Wananilisha kama mbuzi, mwanangu. Majani na maji." Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na nikajua nimefika.

Tuliongea sana. Aliniuliza habari za kila mti uliokuwa uani kwake. Aliniuliza kama bado nakula viazi vikavu kama mfungwa. Yeye mwenyewe, akasema, hata mkate wake sasa hivi haupakwi kitu, siagi ina chumvi, na mkwe wake akamnyang'anya pilipili akidhani nayo inapandisha presha. Alikasirika sana aliposimulia hilo, akapiga kiganja godoroni. Mimi nilikuwa najipepea kwa upindo wa kanga, joto limenipanda, na yeye ananiangalia.

Mkwe alipokwenda dukani nikafungua hotipoti. Nikamwambia, "Mama, mboga yangu bado baridi."

Akaiangalia ile hotipoti, akaniangalia mimi.

"Bado tu?" akauliza.

"Bado, mama."

Akaniagiza nilete chumvi kutoka jikoni. Nikaileta kwenye kisosi, naogopa kama mtoto anayeiba sukari. Akaichota kwa vidole, chumvi nyingine ikaanguka kwenye shuka. Akatia, akakoroga kwa kijiko, akadondosha mchuzi kiganjani kama zamani, akauinua mdomoni. Hapo akakumbuka. Akaushusha mkono, akaufuta kwenye kanga yake polepole, akanipa mimi kijiko.

Nikaonja. Ilikuwa chungu kwa chumvi, ulimi ulijikunja.

"Imekolea," nikasema.

"Muongo wewe," akasema mama. "Imezidi, nimeona mwenyewe iliyoingia. Na ulishakoma, tangu umeingia unajipepea. Umenidanganya mara mbili mchana mmoja, na mimi ni mtu mzima."

Machozi yalinitoka, na sikuyazuia, kwa sababu nilijua sasa mambo yetu yameisha, sina tena sababu ya kuja na sufuria. Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia ninyamaze, anaongea yeye.

Akanisimulia habari ya dada yake, mkubwa wake, waliyekaa naye nyumba jirani huko kwao kabla yeye hajahamia Nachingwea. Dada ndiye aliyekuwa akimtilia chumvi. Mama mwenyewe akafika wakati wake, akakoma, na hakusema. Aliendelea kumwita. Mwezi ukiandama anamwita, dada anakuja, anatia, wanakula, wanasemana waume zao. Miaka ikapita hivyo.

"Alinitilia mpaka kichwa changu chote kikawa cheupe," akasema. "Unadhani hakuona? Mwanamke mwenye mvi kichwa kizima anaita watu wamtilie chumvi? Aliona. Hakuniuliza hata siku moja. Siku niliyotoka kumzika ndiyo siku niliyoshika chumvi mwenyewe."

Alinyoosha mkono, akanirekebisha kanga begani, ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

"Basi wewe bado hujakoma," akasema. "Mimi si nipo?"

Nilizila zile mbaazi zote, na chumvi yake yote, nikashushia maji vikombe na vikombe, yeye amekaa pembeni anakula majani yake ya mbuzi na kunikosoa ninavyoshika kijiko. Mkwe aliporudi akatukuta tunabishana juu ya muhogo na jemu. Mwezi uliofuata nilipeleka kisamvu.